Kompyuta ya mawinguni ndani ya Bariadi: bando likikata, nini kinabaki?

 

Leo tuongelee kitu ambacho vijana wengi wananiuliza: ule mfumo wa kompyuta wa mawinguni, ambao watu wanasema ukiuweka kwenye laptopu ndogo iliyochoka inafufuka. Nimekaa nao tangu Agosti 2025 mpaka leo ninapoandika, kwa hiyo siwasimulii nilichosoma tu. Mazuri yapo mengi, nitayataja. Lakini kuna siku moja ulimfanya binti wa watu alale mjini bila kupanga, na kosa lilikuwa langu. Hiyo nayo nitaisema, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi.

ILIVYOANZA

Kuna mama mmoja ana steshenari karibu na stendi. Anatoa fotokopi, anaprinti, anapiga picha za paspoti, na ana kompyuta tano za watu kuingia intaneti. Mimi kila nikipita naambiwa "mwanangu hebu angalia hii," kwa hiyo nimekuwa fundi wa pale bila kuajiriwa.

Siku hiyo nikaingia, nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo uone, hii mashine kila nikiwasha inaniandikia maneno. Imeharibika?"

Nikasoma. Nikamwambia, "Haijaharibika mama, inakuaga."

Yale maneno yalikuwa yanasema huduma ya Windows 10 inafikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Wengi hapa mlichanganya, kwa hiyo niliweke sawa. Baada ya tarehe hiyo kompyuta haikuzimika, inawaka kama kawaida. Kilichokoma ni Microsoft kutoa bure zile dawa za kuziba matundu ya usalama, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Kwa kafe, ambapo watu hamsini kwa siku wanachomeka fleshi kutoka kila kona, hilo sio jambo dogo. Na kuhamia Windows 11 haikuwezekana, kwa sababu inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Mashine za mama zote ni za mtumba, zote zilikataliwa.

Mtu mmoja alishamshauri anunue mpya zote tano. Mama akapiga hesabu, akaona bora aondoe kompyuta abaki na fotokopi. Hapo nikashtuka. Ile ni sehemu ambayo mtoto wa mkulima wa pamba kutoka kijijini anakuja kuomba mkopo wa chuo. Ikifungwa, anaenda wapi? Simu ya mkononi inasaidia lakini jaribu kujaza fomu ya kurasa nyingi na kupakia vyeti kwenye kioo kilichopasuka, halafu uniambie.

Nikamwomba anipe wiki mbili, nijaribu kwanza kwenye laptopu yangu mwenyewe. Ni ndogo, inchi 11, RAM ya GB 4 na diski ya GB 32 tu, niliinunua Mwanza ikiwa imeshatumika. Windows ilikuwa imekula karibu diski nzima. Ikitaka kujisasisha inasema nafasi haitoshi. Ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kunywa chai na chapati mbili, ukirudi bado kile kiduara kinazunguka.

MAWINGUNI NI WAPI HASA?

Tusidanganyane, hakuna kitu kinaelea juu. Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine. Ni majengo makubwa yaliyojaa mashine, yako nchi za mbali, na wewe unazifikia kwa intaneti. Ukifungua Gmail hapa Bariadi, barua zako haziko kwenye mashine ya kafe. Ziko huko. Ndiyo maana ukienda Shinyanga ukafungua kwenye kafe nyingine unazikuta.

Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoendesha mashine nzima, kama Windows. Ile ya kawaida inataka nguvu nyingi kwa sababu kazi zote zinafanyika humo humo ndani. Google wao mwaka 2009 walitangaza mfumo unaoitwa ChromeOS wenye wazo tofauti: chini kuna Linux, juu yake kuna brauza ya Chrome, na kazi nyingi zinafanyika kwenye mtandao. Kama kazi nzito inafanyika kwenye seva zao, basi mashine uliyoshika inaweza kuwa nyepesi na ya bei ndogo. Laptopu za kwanza za aina hiyo, yaani Chromebook, zilianza kuuzwa mwaka 2011.

Sasa hizo ni laptopu za kununua. Sisi wa mtumba je? Kulikuwa na kampuni ya New York inaitwa Neverware, ilitengeneza mfumo wa CloudReady ambao ulikuwa unawekwa kwenye kompyuta yoyote ya zamani. Google wakainunua kampuni hiyo mwaka 2020, na mwaka 2022 wakatoa toleo lao rasmi linaloitwa ChromeOS Flex. Ni bure. Hilo ndilo nililojaribu.

Wazo lenyewe lakini sio la Google peke yao. Mwaka 2007 Asus walileta kile kilaptopu cha Eee PC chenye kioo cha inchi 7, na zikafuata ndogo nyingi za namna hiyo. Mfaransa Tariq Krim akatengeneza mfumo wa Jolicloud maalumu kwa laptopu hizo ndogo, ukiwa na vitu vyako vyote mtandaoni. Ulisifiwa kweli kweli. Mwaka 2016 huduma hiyo ikafungwa. Wekeni hilo akilini, tutalirudia.

Na hapa kwetu msidhani hatukuwahi kufanya kitu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandika na kupiga mahesabu, yote kwa Kiswahili. Tofauti yake na wingu ni moja kubwa: ukishaiweka kwenye diski, imewekwa. Mtandao ukate mwezi mzima, wewe unaandika tu. Swali langu likawa hilo hilo: huu mfumo mpya, mtandao ukikata, unabaki na nini mkononi?

KWANZA NIKAANGALIA WATEJA

Kabla ya kugusa kitu nilikaa kwa mama siku nzima nikihesabu watu wanafanya nini. Mmoja anaomba mkopo HESLB. Mwingine anahakiki cheti cha kuzaliwa RITA, maana bila hicho mkopo haujaziki. Wawili wako Ajira Portal. Mwenye duka anahangaika na leseni yake kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Wengine Gmail, Facebook, matokeo ya NECTA, WhatsApp ya kwenye kompyuta. Halafu wachache wanaandika barua, na mmoja anatengeneza kadi ya harusi.

Mnaona? Ukiacha barua na kadi ya harusi, wote walikuwa ndani ya brauza. Hakuna aliyekuwa anaitumia Windows yenyewe kwa lolote zaidi ya kufungulia brauza. Kumbe kafe yetu ilishapanda mawinguni zamani, sema ilikuwa imebeba mzigo wa bure mgongoni.

NAMNA YA KUJARIBU BILA KUHARIBU KITU

Uzuri wake ni kwamba unaweza kuuonja kabla ya kuuweka. Nilifanya hivi:

1. Hakikisha mashine inafaa. Inatakiwa prosesa ya Intel au AMD ya biti 64, RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 16. Mashine zenye vipuri vya kabla ya mwaka 2010 zinaweza kusumbua. Vile vilaptopu vya kale kabisa vyenye Atom, vingi haviwezi, msipoteze bando lenu.

2. Tafuta fleshi ya GB 8 au zaidi ambayo huna kitu cha maana ndani, kwa sababu itafutwa yote.

3. Kwenye kompyuta yoyote yenye Chrome, weka kile kiongezo cha Google kinachoitwa Chromebook Recovery Utility, chagua ChromeOS Flex, kiache kipakue na kuandika kwenye fleshi. Faili ni kubwa, inazidi GB 1, kwa hiyo fanya ukiwa na bando la usiku au Wi-Fi ya uhakika. Likikatika katikati utalia.

4. Chomeka fleshi kwenye laptopu ndogo, iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP jaribu Esc au F9, Asus jaribu Esc.

5. Utaulizwa kama unataka kujaribu au kuweka moja kwa moja. CHAGUA KUJARIBU. Hapo unaendeshea kwenye fleshi, na diski yako haiguswi. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu fleshi ina kasi ndogo, usiihukumu kwa hilo. Angalia Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kipanya cha kugusa kinafanya kazi? Kamera?

6. Ukiridhika ndipo unaweka. Na ukiweka, DISKI NZIMA INAFUTWA. Picha, nyimbo, mitihani ya zamani, kila kitu. Sio kwamba inahamia mawinguni yenyewe, hapana, inafutwa. Hamisha kwanza, hakiki mara mbili, halafu omba mtu mwingine naye ahakiki.

Mimi niliujaribu kwa fleshi siku tatu. Siku ya nne nikaweka.

KILICHONIFURAHISHA

Kwanza kuwaka. Chai na chapati basi tena, ikibonyezwa haifiki hata nusu kikombe. Diski yangu ambayo ilikuwa inalia nafasi sasa ina nafasi. Ukifungua kurasa tano sita inakwenda vizuri. Ukifungua ishirini na RAM ya GB 4 itaanza kuvuta miguu, tusidanganyane.

Pili virusi. Wale wadudu wa kwenye fleshi mnaowajua, wanaogeuza mafaili yenu yote kuwa njia za mkato, wameandikwa kwa ajili ya Windows. Hapa programu ya Windows haiwaki kabisa, kwa hiyo fleshi inaingia, unachukua PDF yako, unaondoka. Haina maana mko salama kwa kila kitu. Ukidanganywa na tovuti ya uongo ukaandika nywila yako, umeibiwa vile vile, hakuna mfumo utakaokuzuia.

Tatu, na kwa kafe hili ndilo kubwa, kuingia kama mgeni. Mnajua ile aibu ya kufungua Gmail kafe unakuta ya mtu mwingine iko wazi, na barua zake za mchumba zote zinasomeka? Ukiingia kama mgeni, ukitoka tu kila kitu kinafutika: nywila, historia, mafaili uliyopakua. Anayekuja baada yako anakuta pasafi.

Nikafurahi sana na hilo. Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza, subirini.

KILICHONIKERA

Programu za simu haziingii. Chromebook za kununua zina Play Store, lakini Flex haina. WhatsApp utatumia ile ya kwenye brauza.

Word na Publisher za kuweka kwenye mashine hakuna. Kuna Google Docs, na inafungua mafaili ya Word, ila ukiwa na jedwali refu au kadi ya harusi yenye maua pembeni, mpangilio unaweza kuvurugika. Kwa barua ya kuomba kazi haina shida.

Printa: sio kila printa ya zamani inakubalika. Jaribu ya kwako kabla hujaweka, usije ukaweka halafu ukaanza kutafuta waya wa kukimbilia mashine ya jirani.

SIKU MTANDAO ULIPOKATA

Sasa tufike pale. Ilikuwa Agosti, dirisha la mikopo linakaribia kufungwa, steshenari imejaa mpaka nje. Kompyuta zote za mama zina watu. Akaja binti mmoja kutoka Lagangabilili, amemaliza kidato cha sita, amebeba bahasha ya vyeti. Akaniuliza kwa upole, "Kaka, samahani, na hiyo yako ndogo inatumika?"

Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuonyesha mtambo wangu. Nikamwingiza kama mgeni. Akajaza, akapakia vyeti, akahakiki, mambo safi. Mwisho akapakua ile fomu ambayo inatakiwa iprintiwe, ikasainiwe na viongozi wa serikali ya mtaa au kijiji na kugongwa mihuri, halafu irudi kupakiwa. PDF ikashuka, ikakaa kwenye mashine.

Printa ilikuwa haijaungwa na laptopu yangu. Nikamwambia tujitumie kwa barua pepe tuprinti kwa mama. Hapo hapo mtandao ukakata. Sio wangu tu, wa mji mzima tulivyoona, watu wameshika simu juu kama wanamulika nyota. Nikadhani laptopu imeganda, nikafanya wanachofanya mafundi wote: nikatoka, nikaizima, nikaiwasha.

Ilipowaka, mgeni alishafutwa. Na ile PDF ikaenda naye.

Fleshi ya yule binti ilikuwa mezani muda wote, nusu mita kutoka mkono wangu. Sekunde kumi tu za kuhamisha faili kabla sijazima, ningeiprinti kwa mama bila hata kuhitaji mtandao, umeme ulikuwepo. Sikufanya.

Mtandao ulirudi jioni giza limeshaingia. Akaingia tena kwenye akaunti yake, maombi yake yote yapo kama alivyoyaacha, hakijapotea hata kitu kimoja. Fomu ikapakuliwa upya, ikaprintiwa. Lakini magari ya kwao yalishaondoka. Akaenda kulala kwa shangazi yake hapa mjini, na siku ile ya kufuatilia saini kijijini ikawa imeliwa. Baadaye alinitumia ujumbe kwamba aliwahi. Nilimwomba radhi, na hapa namwomba tena.

Wadau, tukio hilo moja lina somo lote. Kilichokuwa mawinguni kilisalimika, hata ningeivunja laptopu kwa nyundo. Kilichokuwa kwenye mashine kilipotea. Lakini kile kilichosalimika hakikumsaidia kwa saa zile, kwa sababu njia ya kukifikia ilikuwa imefungwa, na kile ambacho kingemsaidia bila njia ndicho nilichokifuta. Kwa hiyo anayewaambia "weka kila kitu mawinguni upumzike" hajawahi kukaa Simiyu siku mtandao umelala. Na anayewaambia "wingu ni uongo, weka kwenye diski tu" hajawahi kuibiwa laptopu. Unahitaji sehemu zote mbili.

YA KUFANYA ILI BANDO LIKIKATA USIBAKI MIKONO MITUPU

Haya ndiyo ninayofanya tangu siku ile.

Docs nje ya mtandao. Ukiwa na bando, ingia Google Drive, mipangilio, washa kufanya kazi nje ya mtandao. Halafu yale mafaili unayoyahitaji sana yawekee alama ya kupatikana bila mtandao, moja moja. Baada ya hapo unaandika hata huna mtandao kabisa, na siku ukiunganishwa yanapanda yenyewe. Lakini hii ni kwenye akaunti yako kwenye mashine yako. Ukiwa mgeni haifanyi kazi.

Sehemu ya mafaili ya ndani ipo. Watu wanadhani huu mfumo hauhifadhi kitu, sio kweli. Ukiwa kwenye akaunti yako, unachopakua kinakaa kwenye diski, utakifungua hata porini. PDF, picha, miziki, video. Weka na nakala kwenye fleshi.

Mgeni na fleshi ni ndugu. Ukiingia kama mgeni popote, kitu cha kwanza baada ya kupakua ni kuhamishia kwenye fleshi. Kabla ya kuprinti, kabla ya kujibu simu, kabla ya kila kitu.

Bana bando. Kuandika Docs kunakula kidogo sana. Kinachomaliza bando ni video na masasisho ya mfumo. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi kuna sehemu ya kuuambia mfumo kwamba mtandao huu ni wa kupimiwa, iwashe ukitumia hotspoti ya simu, itapunguza kuvuta vitu kimya kimya.

UFUNGUO WAKO NI AKAUNTI

Kuna jambo la mwisho ambalo naona vijana hatulichukulii kwa uzito. Zamani ukiibiwa laptopu umepoteza kazi zako. Kwenye wingu ukiibiwa laptopu unanunua nyingine, unaingia, unakuta vitu vyako. Lakini ukipoteza AKAUNTI umepoteza vyote kwa mpigo, na laptopu unayo mkononi.

Kwetu akaunti zinapoteaje? Kwa laini. Mtu anafungua Gmail kafe kwa namba ya simu ya siku ile. Laini inapotea au inakaa bila kutumika muda mrefu inafungwa, na namba anaweza kupewa mtu mwingine. Mwaka unaofuata amesahau nywila, Google wanamtumia msimbo kwenye namba ambayo sio yake tena. Nimeona jamaa amekaa kwa mama asubuhi hadi jioni anajaribu kuingia kwenye barua pepe aliyoombea kazi. Hakufanikiwa.

Kingine, tangu Desemba 2023 Google wana utaratibu wa kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili. Kuna watu hapa wanafungua barua pepe mara moja kwa ajili ya mkopo, halafu hawaigusi mpaka wamalize chuo. Ingia hata mara moja kwa miezi michache.

Kwa hiyo: namba ya simu ikibadilika, badilisha na kwenye akaunti siku hiyo hiyo. Weka barua pepe ya pili ya kukuokoa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, halafu chapisha ile misimbo ya akiba wanayokupa, iko kumi, weka karatasi nyumbani kwenye bahasha ya vyeti. Ndiyo, karatasi. Karatasi haina bando.

MAMA ALIAMUA NINI?

Nilimpelekea majibu yote, na mabaya pia. Akasikiliza, akauliza swali moja: "Na hao Google wakiamua kufunga, wateja wangu watakuwaje?"

Nikamwambia ukweli. Jolicloud walisifiwa na walifunga. Google wenyewe mwaka 2025 walisema wanakwenda kuunganisha ChromeOS na Android kuwa kitu kimoja, kwa hiyo mabadiliko yapo njiani. Lakini tovuti za mikopo na ajira sio za Google. Siku Flex ikifika mwisho, mashine hizo hizo zinaweza kuwekewa Linux nyingine ya bure, na brauza ipo. Alichotakiwa kuogopa sio mfumo kufungwa, ni watu kuacha mafaili yao bila nakala.

Akaamua hivi. Mashine tatu tukaziweka Flex, watu wanaingia kama wageni. Moja ikabaki na Windows kwa ajili ya kadi za harusi na printa, na hatuiachii kuzurura intaneti. Ya tano ina RAM ya GB 2, ilishindwa mtihani, sasa hivi imekalia vitabu vya risiti. Ukutani akabandika karatasi, maneno yake mwenyewe: "UMEPAKUA? WEKA KWENYE FLESHI KWANZA." Na kwenye droo ana fleshi mbili za kuazimisha wasiokuja nazo.

Kafe haijafungwa. Laptopu yangu ndogo ndiyo hii ninayoandikia. Makala hii yote nimeiandika bando likiwa limeisha, nimenunua sasa hivi tu ili ipande.

Haya wadau, nawasilisha. Kama kuna aliyejaribu kwenye mashine yake, aseme ni aina gani na nini kiligoma, itasaidia wengine. Nitajibu nikiwa hewani. Na kama wewe ni yule unayesoma hii kafe sasa hivi na dakika zako zinaisha: je, umeshatoka kwenye Gmail yako?